Maji Mbele ya Nyumba ya Semisi

Ofisa wa karantini kwenye uwanja wa ndege wa Melbourne alikuwa bwana mwenye mvi na glavu za bluu. Alivitoa vitu vya Losaline sandukuni kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza ya bati kama mtu anayeandaa chakula. Viazi vikuu viwili vya kuchoma vikaenda kwenye pipa. Vifurushi vinne vya majani ya magimbi, vilivyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, vikafuata. Mkeka wa heshima wa kujifunga kiunoni aliumulika kwa tochi akitafuta wadudu, kisha akaukunja vizuri kuliko alivyoukuta. Mwisho akainua chupa ya soda iliyojaa maji.

"Hii nini, mama?"

"Maji ya bahari."

"Ya kazi gani?"

"Ya kulinganisha."

Yule bwana alipitisha kidole kwenye orodha yake. Maji ya bahari hayakuwemo. Akairudisha chupa sandukuni na kumtakia safari njema.

Tangu Februari, bahari mbele ya nyumba ya Semisi, mdogo wake Losaline, ilikuwa haijai. Kisiwa chao huko Ha'apai, Tonga, ni chembamba na nyumba zote zinatazama maji. Kulia kwa Semisi, kwa jirani, maji yalijaa na kupwa kama siku zote. Kushoto, mbele ya kanisa, vivyo hivyo. Mbele ya Semisi peke yake palibaki pakavu, ukanda wa mchanga na matumbawe wenye upana wa nyumba yenyewe, na kila mwezi ukanda huo ulirefuka kuelekea mwambani. Hakuna aliyeshangaa. Jambo hilo liliwahi kutokea enzi za meli za wawinda nyangumi: mtu akiwa ugenini, anataka kurudi na harudi, maji ya kwao humfuata. Watu walichofanya ni kupita pale alasiri, kutazama kidogo, na kuuliza kwa adabu, "Na Uesile, hajambo?"

Uesile alikuwa mtoto wa Semisi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Mwaka uliopita alikwenda Australia kuchuma zabibu kwa mkataba wa miezi tisa, na aliyempeleka ni Losaline. Yeye ndiye shangazi, na kwa Watonga neno la shangazi hupita la baba na la mama. Alimwandikia barua ya sifa kwa mwandiko wake wa ualimu, akamtafutia nafasi katika kundi la Sitaleki, shemasi mtu wa kisiwa hicho hicho aliyekaa kule miaka mingi, na Jumapili ya mwisho alisimama kanisani kumuaga mbele ya watu wote. Sasa ilikuwa Agosti. Miezi saba hakuna aliyetaja barua wala simu, na aibu ya nyumba ilikuwa imeanikwa ufukweni kila mtu aione.

"Nenda wewe, dada," Semisi alimwambia akiwa uani, kwa kuwa kwa desturi yao kaka haingii chumba alimoketi dada yake. "Kiingereza unakijua wewe."

Kalolaine, mke wa Semisi, alikwenda jikoni. Alikesha siku mbili akipika vile vifurushi ambavyo sasa vilikuwa kwenye pipa la karantini, na alipomsindikiza wifi yake melini alikuwa akitazama sakafu.

Losaline alifika kwa basi kwenye mji wa mashamba karibu na mto Murray, mahali ambapo pwani iko mbali kiasi kwamba watoto wengine huiona wakiwa wameshaoa. Alipokewa na Vika, mjane wa Kitonga aliyefanya usafi kwenye nyumba ya wazee, mwanamke mnene mwenye gari dogo na mdomo usiotulia.

"Shangazi, ingia, usiogope, mlango huo unafungwa kwa kamba," Vika alisema. "Nyayo za maji za kijana wako nimeziona mwenyewe. Pale kwenye vijumba vya bati vya wachumaji. Mwenye uwanja kaweka mbao juu yake, wateja wasiteleze."

Nyayo zilianzia mlangoni pa kijumba namba sita. Zilikuwa za miguu mitupu, zimezama kwenye saruji kwa kina cha kifundo, na kila moja ilijaa maji maangavu. Katika mojawapo kaa mdogo alikuwa akijificha chini ya jani la mkaratusi. Losaline aliinama, mkeka ukimbana kiunoni, akachovya kidole na kuonja. Kisha akafungua chupa yake, akaonja.

"Ndiye," alisema.

"Mie ningekuambia bila kuonja," Vika alisema. "Tazama ukubwa wa mguu. Huyo ni mtu wa Ha'apai."

Walianza na kituo cha polisi, kwa sababu Losaline alikuwa mtu wa kufuata ngazi. Askari wa kike aliyekuwa mezani aliandika jina, akaliandika tena baada ya kusahihishwa, akasoma kwenye kompyuta.

"Kwangu huku hajapotea," alisema. "Ametoroka. Kiongozi wake aliandika fomu tarehe thelathini Januari."

"Tofauti ni nini?"

"Aliyepotea tunamtafuta sisi. Aliyetoroka ni wa ofisi nyingine, na wao hawamtafuti, wanangoja ajitokeze."

"Na zile nyayo za maji?" Vika akauliza. "Si mngezifuata tu?"

"Nyayo ni za halmashauri," askari alisema bila ubaya wowote. "Barabara si zetu."

Kwa hiyo wakazifuata wenyewe, Vika akiendesha polepole, Losaline akiwa ametoa kichwa dirishani. Nyayo zilivuka reli, zikapita nyuma ya duka la matairi, zikaingia kwenye banda kubwa la kufungashia zabibu na kutoka kwa mlango mwingine. Ndani ya banda palikuwa na mashine yenye mkanda mrefu. Mbele ya mashine nyayo mbili zilikuwa zimezama sana kuliko nyingine zote, kama za mtu aliyesimama pale muda mrefu akishikwa na kitu, na maji yake yalikuwa na wekundu ambao miezi saba haikuusafisha. Mama mmoja aliyekuwa akipanga maboksi aliwaeleza bila kuacha kazi. Mkanda ulikuwa hauna kifuniko. Kijana alijaribu kutoa kishada cha zabibu kilichokwama, mashine ikala vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Januari, anaikumbuka kwa sababu siku iliyofuata kifuniko kililetwa.

Losaline aliomba aketi. Walimpa boksi.

Tarehe thelathini Januari Uesile alimpigia simu. Losaline alikuwa akisahihisha nyimbo za kwaya, akapokea kwa mkono mmoja. Uesile alisema mkono unamuuma, anataka kurudi nyumbani. Losaline akamwambia kila kazi ina maumivu yake, na kwamba yeye mwenyewe amesimama mbele ya ubao miaka thelathini na nne. Februari alipiga tena. Akamwambia, usitutie aibu, Uesile, nimekutangaza kanisani. Mara ya tatu kijana hakuomba kitu, aliuliza tu kama mvua imenyesha, na Losaline akamjibu kwamba simu za nje zina gharama, atapiga wakati mwingine. Hapakuwa na wakati mwingine. Hakumwambia Semisi. Hakumwambia Kalolaine. Bahari ilipoanza kuondoka, yeye alikuwa mtu wa kwanza ufukweni kusema huenda ni upepo.

"Shangazi, umepauka," Vika alisema. "Unataka maji?"

"Ya kunywa," Losaline alisema.

Sitaleki aliwapokea kwenye ukumbi wa kanisa, amevaa mkeka wake wa heshima juu ya kikoi cheusi. Alimpa Losaline kiti chenye mito, akamletea chai na mkate wa nazi, akaketi chini sakafuni kama inavyompasa mdogo.

"Shangazi, hakuna siku imepita sijamwombea yule kijana."

"Ulimpeleka hospitali?"

"Nilimshusha getini."

"Getini."

"Nilikuwa na watu kumi na wawili garini, shangazi wangu, na zamu inaanza. Nikamwambia, mwanangu, ingia, useme ulijikata nyumbani. Ukisema kazini, kundi zima litachunguzwa, wenzako watakosa msimu ujao." Alifuta macho kwa ncha ya kikoi, na machozi yalikuwa ya kweli. "Kesho yake hakuja kazini. Asiyekuja kazini anaandikiwa fomu. Nilifuata utaratibu."

Losaline alikuwa amewahi kuwachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo. Alifungua mdomo. Lakini kila alichotaka kumwambia Sitaleki, alikisikia kikirudi kwake: ulijua, na ukafanya nini? Akafunga mdomo, akamaliza chai.

"Wiki ijayo nakuja nyumbani kuchagua kundi jipya," Sitaleki alisema akimsindikiza. "Unisalimie mchungaji. Na ile barua ya sifa uliyomwandikia Uesile, shangazi, ilikuwa nzuri sana. Wakuu waliipenda."

Garini Vika alishika usukani bila kuwasha. "We shangazi! Nilidhani utamtia makofi yule."

"Nami nilidhani," Losaline alisema.

Nyayo ziliwapeleka hadi shamba la bwana mmoja aitwaye Hanrahan, aliyekuwa akipogoa mizabibu kwa mkasi. Alikuwa mtu mwekundu mwenye kofia iliyotoboka, na aliposikia jina alilolitaja Losaline alivua kofia hiyo.

"Alikuja kwangu Machi na mkono umefungwa kwa shati," alisema. "Anachuma kwa mkono mmoja na kuwapita wenye miwili. Sina ubaya naye, mama. Lakini chumvi! Kila alipokanyaga, mzabibu umekufa. Mistari mitatu nimeing'oa. Nikamwambia, ndugu yangu, jaribu kuvaa viatu. Akavaa viatu. Viatu vikajaa."

"Ukamfukuza?"

"Nilimwomba asogee." Akaelekeza mkasi upande wa magharibi. "Kulikuwa na ziwa kavu kule, halina maji tangu babu yangu. Nikamwonyesha kibanda cha wakata manyoya ya kondoo. Nenda ukaone. Siku hizi watu wanakwenda Jumapili."

Ziwa lilikuwa limejaa. Lilikuwa na upana wa nyumba ya Semisi na urefu ambao jicho halikuufikia mwisho wake, na maji yake yalikuwa ya kijani kile cha ndani ya mwamba. Halmashauri ilikuwa imesimika kibao kinachokataza kuogelea. Familia mbili zilikuwa zimeegesha magari, zinakula chipsi na kuwarushia ndege aina ya mwari. Mawimbi madogo yalikuwa yakipanda ufukwe wa udongo mwekundu. Losaline alitazama jua, akahesabu. Nyumbani ilikuwa saa ya maji kujaa.

Uesile alikuwa ameketi mbele ya kibanda akifuma wavu, uzi ameushika kwa meno, kidole gumba na kimoja kilichobaki. Alimwona shangazi yake kutoka mbali, akaweka wavu chini, akajishusha chini na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa.

"Umekuja, shangazi."

"Nimekuja."

"Umekula?"

Hapo ndipo Losaline alipolia, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Vika alikwenda kutazama mwari.

Uesile alimkaangia samaki. Alikuwa samaki wa kwao nyumbani, wa mwambani, mwenye mistari ya bluu. Walikula kwa mikono na hawakuzungumza habari ya mkono. Uesile alieleza alivyofika: hospitali walimshona, aliporudi kijumbani akakuta begi lake nje na mtu mwingine kitandani. Akaanza kutembea, maji yakaanza kutoka; akasimama tena mbele ya mashine ile, mkono bado ukivuja damu. Mwanzoni aliyaonea haya, akawa anakanyaga pembeni mwa barabara. Alieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchafua nyumba ya watu.

"Zile simu," Losaline alisema.

"Ulikuwa na kazi, shangazi."

"Sikuwa na kazi, Uesile."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kusikia jambo jipya.

"Nyumbani wanasema nini?" aliuliza.

"Wanauliza kama hujambo."

"Nikirudi nitasema nini? Kanisani nitasimama na mkono huu, Sitaleki yuko mbele anasoma zaburi. Nikisema kweli, wenzangu watakosa msimu. Nikisema uongo..." Akayatazama maji. "Lakini wewe ndiye shangazi. Uliniambia nivumilie, nimevumilia. Ukiniambia sasa hivi, Uesile, simama, panda ndege, nitasimama. Sitauliza."

Ilikuwa kweli. Uesile alikuwa hajawahi kumkatalia neno tangu azaliwe. Losaline alikuwa amevuka bahari nzima kuja kulisema neno hilo moja. Akilini alimwona Uesile akishuka melini mbele ya kisiwa chote, alisikia watu wakiuliza lini, wakiuliza nani alijua. Neno likamkauka mdomoni.

"Fanya unavyoona vema, mwanangu," alisema.

Uesile akainamisha kichwa tena. "Asante, shangazi. Basi nitakaa kidogo."

Na Losaline alihisi nafuu. Ilimpanda kifuani taratibu, nafuu kamili, ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kati ya mambo yote aliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo aliloshindwa baadaye kulitaja hata kwenye sala.

Alirudi Ijumaa kwa meli. Aliwaambia watu bandarini kwamba Uesile hajambo, ana nyumba, anavua, anawasalimu. Yote yalikuwa kweli. Mbele ya nyumba ya Semisi palikuwa pakavu hadi mwambani, na Semisi alikuwa amepanda mihogo kwenye sehemu ya juu ya ukanda ule kwa kuwa haikuwa na maana kuuacha wazi.

Jumapili Sitaleki alikuwepo, ameshawasili kwa ndege, amevaa koti jipya. Baada ya mahubiri alisoma majina kumi na manne ya kundi la msimu ujao. Kila jina likisomwa, mama wa mtu alishangilia kwa vigelegele. Kisha mchungaji akamwomba Losaline, aliyekwenda akaona kwa macho yake, asimame awaombee vijana.

Alisimama. Vijana kumi na wanne walikuwa wameinamisha vichwa vilivyopakwa mafuta. Aliona mikono yao, vidole vyote vimetimia, imefumbatana. Alivihesabu hadi mchungaji akakohoa. Sitaleki alimtazama kwa upole na kutabasamu, tabasamu la kumtia moyo. Losaline akafumba macho, akaomba Mungu awajalie uvumilivu.

"Amina," kanisa likaitikia.

Mchana ule, baada ya chakula, alimkuta Kalolaine akiosha sahani. Akafunga mlango wa jikoni, akasema yote akiwa amesimama: simu tatu, vidole vitatu, ziwa, neno ambalo hakulisema. Alisema haraka kama mwanafunzi anayekariri. Nje ya dirisha Semisi alikuwa akinoa panga, na mlio wa kunoa ukakoma.

Kalolaine alisuuza sahani, akaifuta, akaiweka mahali pake. Kwa desturi hangeweza kumlaumu wifi yake, na Losaline alijua hivyo, na aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Najua, wifi," Kalolaine alisema. "Alinipigia mimi kwanza. Akiwa bado hospitalini. Alikuwa analia. Nikamwambia, muulize shangazi yako."

Kisha sauti ya Semisi ikaingia dirishani, bila uso.

"Mimi alinipigia Machi. Nikaona jina lake kwenye simu. Nikaiacha ilie."

Halafu Losaline akatoa kikaratasi chenye namba ambayo Uesile alimwandikia kwa mkono wake wa kulia, na Kalolaine akaleta simu, akaiweka katikati ya meza, sauti juu ili Semisi asikie.

"Zungumza wewe," Losaline alisema.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mama."

"Semisi?" Kalolaine aliita kwa kunong'ona. Losaline akabonyeza namba.

Simu ililia mara nne kule, ikapokewa.

"Haloo?" Uesile alisema.

Kalolaine akaweka kiganja mdomoni. Losaline alitazama meza.

"Haloo? Shangazi?" Akangoja. "Mama?" Akangoja tena. "Baba, uko hapo?"

Walisikia anavyokaa vizuri, kama mtu anayevuta kiti.

"Nawasikia mnapumua," alisema. "Haidhuru. Mimi sijambo. Nimekula."

Semisi alikuwa amesogea hadi kivuli chake kikafika sakafuni jikoni, karibu na miguu ya dada yake, na hakukiondoa. Kalolaine aliinua mkono kama anayetaka kuzungumza, akaurudisha mapajani. Uesile naye akanyamaza. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na hakukata simu kabla ya wakubwa wake.